Nimeletewa Kindle, mbona siisomi kama kitabu?

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu wa skuli, nipo Wete, Pemba, umri wangu miaka 64. Tangu utotoni sijalala bila ya kusoma japo kurasa mbili. Siku hizi macho yananisumbua, na mwanangu aliyeko Maskati kaniletea Kindle, mashine ya kusomea vitabu, ili nikuze maandishi. Nimeanza riwaya moja, nimefika asilimia 41, lakini nahisi kama sisomi. Nasahau lipi lilitangulia na lipi lilifuata, ukurasa unapepesa weusi, sijui nimebakisha kiasi gani, na nikitaka kurudi pahala nilipopapenda sipaoni. Juu ya hayo, mwanangu anasema sasa nivigawe vitabu vya kabatini kwa kuwa vinaliwa na unyevu. Humo mna vya marehemu baba, pamoja na daftari lake la mashairi kwa herufi za Kiarabu. Je, ni uzee wangu, au mashine hii haimfai msomaji kama mimi?

Jibu: Shikamoo Mwalimu. Si uzee. Nimefanya kazi ya ukutubi hapa Unguja zaidi ya miaka ishirini, na wanaonijia na mashine hizi wakiwa wamekata tamaa karibu wote ni wasomaji wakubwa. Mtu asiyesoma haimsumbui, kwa sababu hana mazoea ya kuvunjwa. Wewe umesoma miaka hamsini na kitu, na muda wote huo hukusoma kwa macho peke yake. Umesoma na kwa mikono. Kurasa za mkono wa kushoto zilikuwa zinanenepa, za mkono wa kulia zinakonda, na bila ya kufikiri ulijua umefika wapi. Ulikumbuka kwamba yale maneno mazuri yalikuwa upande wa kushoto, chini, karibu na lile doa la chai. Kindle imekuachia macho, mikono ikaipumzisha. Ndiyo maana unahisi kama husomi.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na Anne Mangen wa Chuo Kikuu cha Stavanger, Norway, walichapisha matokeo ya jaribio lao: watu 50 walipewa hadithi moja ndefu ya upelelezi, nusu wakaisoma kwenye kitabu cha karatasi na nusu kwenye Kindle. Kwa mambo mengi walikuwa sawasawa. Waliachana pale walipoulizwa mambo ya wakati na mpangilio, kwamba tukio hili lilitokea lini na lipi lilitangulia. Hapo waliosoma karatasi walifanya vizuri zaidi. Soma tena barua yako, Mwalimu. Umelalamikia jambo lile lile.

Dawa yake ni kuupa mkono kazi nyengine. Chukua daftari dogo la kurasa arubaini, liweke pamoja na Kindle, yasiachane. Kila ukimaliza sura, andika kwa penseli mstari mmoja: namba ya sura, nani kaingia, kumetokea nini. Mstari mmoja tu, usiifanye kazi ya skuli. Ukifika sura ya kumi una ngazi ya hadithi nzima mbele yako, na mkono wako umeshiriki. Bibi mmoja wa Mkoani niliyemuelekeza hivi alinirudia baada ya miezi mitatu na daftari limejaa, pembeni kachora na vijumba vya wahusika. Nilifurahi siku ile kuliko ningepewa zawadi.

Kuhusu asilimia: gusa kona ya chini, upande wa kushoto wa ukurasa. Kila ukigusa, maandishi yale hubadilika: namba ya ukurasa kama kitabu kinazo, dakika zilizobaki kumaliza sura, muda uliobaki kumaliza kitabu. Mimi huchagua dakika za sura. Ukijua sura imebakisha dakika kumi na mbili na isha haijaadhiniwa, unajua kama unaweza kuimaliza. Asilimia 41 haimwambii msomaji kitu.

Na pahala ulipopapenda: usipategemee kichwani. Bonyeza neno la kwanza, shikilia kidole, kiburute mpaka neno la mwisho, kisha kiachie. Mstari utatiwa rangi na kuhifadhiwa, na siku ya pili utaukuta kwenye orodha ya ulivyoviwekea alama. Kama hukuweka alama, tumia alama ya miwani ya kukuzia, uandike jina la mtu au la mahali lililotajwa karibu na hapo. Nasisitiza jina, kwa sababu Kiswahili chetu kinabeba mengi mbele ya kitenzi. Ukitafuta "lia", mara nyingi haitakuletea "alilia" wala "wakalia". Jina la mtu halibadiliki, litapatikana.

Sasa weusi unaopepesa. Wengi hudhani mashine imeharibika. Ndani ya kioo kile mna vidonge vidogo mno, unene wao kama wa unywele, na kila kidonge kina maji maangavu yenye chembe nyeupe na chembe nyeusi. Nyeupe zina chaji chanya, nyeusi zina chaji hasi. Umeme ukipita huku zinapanda nyeupe, ukipita kule zinapanda nyeusi, na hapo ndipo herufi inapoonekana. Hakuna taa inayokumulika machoni kama ya simu. Unachokiona ni mwanga wa chumbani unaogonga chembe na kurudi, kama unavyogonga karatasi. Chembe zikishatulia hazitaki umeme tena, ndiyo sababu chaji inakaa wiki kadhaa. Ila katika kuhama hubaki kivuli cha ukurasa uliopita. Wewe umeshika chaki maisha yako yote, unakijua kivuli hicho: ubao ukifutwa kwa mkono, somo la jana bado linaonekana kwa mbali mpaka upitishwe kitambaa kibichi. Ule weusi unaopepesa ndio kitambaa kibichi. Baada ya wiki moja hivi jicho halitauona.

Wakati umeme wa Unguja ulipokatika miezi mitatu mizima, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, nilikuwa nasoma kwa kandili, na nadhani macho yangu yalianzia kuchoka pale. Nyinyi wa Pemba mlikuwa mkiendeshwa na majenereta ya Wesha hadi waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipowafikia 2010, kwa hivyo giza mnalijua. Naisema habari hii kwa sababu mashine ya kusomea inayokaa na chaji wiki tatu, na ina kitaa chake cha kumulikia ukurasa, kwetu sisi ni neema kubwa, ambayo huenda wenye umeme wa siku zote wasiione.

Hapa lazima nitenganishe mambo mawili, maana watu huyachanganya. Kuna utafiti wa 2015 uliofanywa Marekani ulioonesha kuwa kusoma usiku kwenye kifaa chenye kioo cha kuwaka kunachelewesha usingizi. Kifaa kilichotumiwa kilikuwa iPad, inayotupa mwanga machoni. Taa ya Kindle inamulika ukurasa kutoka pembeni, haikuelekei. Hata hivyo usiku ishushe mpaka herufi zisomeke tu, na kama yako ina mwanga wa manjano, uongeze. Mchana ukiwa kibarazani, izime kabisa.

Maandishi sasa. Ukigusa sehemu ya juu ya ukurasa utaona alama ya Aa. Najua hamu yako ni kuyakuza mpaka mwisho, lakini zuia mkono. Ukiyakuza kupita kiasi, mstari unabaki na maneno matatu, jicho linaruka-ruka na maana inakatikakatika. Kuza hadi usome bila ya kukunja uso, halafu rudi nyuma hatua moja. Jengine, na hili ndilo linalowatesa wasomaji wa Kiswahili bila wenyewe kujua: mashine hizi hupenda kuisawazisha mistari iishe pamoja upande wa kulia. Maneno yetu ni marefu. "Hawakumfahamisha" au "tulipokaribishwa" halikatwi likavuka mstari, linasukumwa zima zima chini, na mstari wa juu unabaki na mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Kwenye Aa tafuta mpangilio wa mistari, uchague inayoanzia kushoto na kuishia popote. Ukiona tofauti utashangaa.

Usitegemee kamusi iliyokuja nayo. Ukibonyeza neno la Kiswahili haitakupa kitu. Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA, lililotoka 2010, litabaki mezani kama lilivyokuwa, na ni vizuri libaki.

Mashine yangu ya kwanza niliichukia wiki sita, na kosa lilikuwa katika nilichokitia. Rafiki alinipa PDF za vitabu vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Picha haikuzwi maandishi, inakuzwa yote, kwa hivyo nikawa naburuta ukurasa kulia na kushoto kwa kidole, kila mstari, kama mtu anayetafuta sindano chini ya mkeka. Nikasema kusoma huku si kusoma. Nilipopata kitabu cha mfumo wa EPUB, ambao maneno yake yanajipanga upya kufuata ukubwa wa herufi, nikasoma kurasa mia kwa siku mbili. Basi kabla hujaihukumu Kindle, mwulize mwanao riwaya hiyo ni ya mfumo gani. Ikiwa ni PDF, iache hapo hapo kwenye asilimia 41, na uombe nyengine.

Yeye anaweza kukuletea vitabu akiwa huko huko Maskati. Kila Kindle ina anwani yake ya barua pepe. Akituma EPUB kwenye anwani hiyo kutoka barua pepe aliyoiruhusu, na Kindle yako ikiwa imeunganishwa na intaneti, japo ya simu ya mjukuu, kitabu kinashuka chenyewe. EPUB imeanza kukubaliwa kwa njia hii mwaka 2022. Kwa Kiingereza utapata vingi bila ya malipo kutoka Project Gutenberg, mradi aliouanzisha Michael Hart mwaka 1971, ambao sasa una vitabu zaidi ya 70,000 ambavyo muda wa hakimiliki yake umekwisha huko Marekani. Kwa Kiswahili hali si nzuri. Riwaya nyingi za waandishi wetu wa Unguja na Pemba, zile zile ulizozisomesha, ukizitafuta kwa mfumo wa elektroniki utazikosa, na nakala za PDF zinazozunguka kwenye simu nyingi zimeibwa. Hili linaniuma. Mwandishi wa Kiswahili anapata kidogo kama ilivyo, na sisi tunampunguzia hicho kidogo. Vitabu vyake tuvinunue vya karatasi.

Hivi ndivyo ninavyogawa baina ya Kindle na karatasi, nami nakushauri hivyo. Kwenye Kindle naweka riwaya ninazozisoma mara moja kwa raha yake, vitabu vizito vya kilo, na vya Kiingereza ambavyo madukani kwetu havifiki. Cha kujifunza, cha kurejea, cha kubishana nacho pembezoni kwa penseli, nakitaka cha karatasi. Na hilo si mapenzi matupu. Mwaka 2018 ulitoka uchambuzi uliojumuisha tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000, ukaonesha kuwa kwa maandishi ya maarifa watu huelewa zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye skrini, khasa wakibanwa na muda. Kwa hadithi tupu tofauti haikuonekana. Ada yako ya usiku, zile kurasa mbili za kabla ya kulala, basi, ihamishie Kindle bila ya hofu. Kitabu cha kusomea darsa kiache kwenye marufaa yake.

Kuna jengine sitalificha, nalo ni kwamba kitabu cha Kindle hukimiliki kama unavyomiliki kile cha kabatini. Umepewa ruhusa ya kukisoma. Mwaka 2009 Amazon, kampuni inayotengeneza Kindle na kuuza vitabu vyake, ilifuta vitabu viwili vya George Orwell kutoka kwenye mashine za watu waliokwisha kuvilipia, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Pesa zilirudishwa, na mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, akaomba radhi, lakini watu walijifunza kuwa mkono unaweza kufika ndani ya kabati lako ukiwa umelala. Na tangu mwisho wa Februari 2025 huwezi tena kukishusha kitabu ulichokinunua kwao kwenye kompyuta ili ukihamishe kwa waya. Zaidi ya hayo, hukiazimi. Najua Wete mnavyoishi na vitabu: kimoja kinapita nyumba saba, kinarudi hakina gamba, na nyumba zote saba zimekisoma. Kindle imefungwa kwa mtu mmoja. Kwa hivyo kile unachokipenda kiasi cha kutaka jirani akisome, kinunue cha karatasi hata kama unacho humo.

Kuitunza hakuna mengi. Itie kwenye jalada gumu, kwa sababu kioo cha ndani hupasuka kikikaliwa au kikibanwa mkobani. Ikiwa ni Paperwhite iliyotoka 2018 au baadaye, imepimwa kukaa kwenye maji baridi ya mita mbili kwa saa nzima, lakini maji ya bahari ni robo mita kwa dakika tatu tu. Ukiwa botini kati ya Mkoani na Unguja, isikae mapajani penye marasharasha, na pale pa kuchomekea waya pafute chumvi kwa kitambaa kikavu. Umeme ukikatika, chomoa chaja mpaka urudi na utulie.

Tuje kwenye kabati. Mwanao ana haki kuhusu unyevu. Pemba mvua ni nyingi kuliko hata huku, na wakati wa masika hewa inabeba maji kiasi ambacho kuvu hakihitaji kingine. Lakini unyevu unatibiwa, hautufanyi tutoe vitabu nje. Livute kabati, liache nafasi ya kiganja kati yake na ukuta, khasa ukuta wa nje. Lipandishe juu ya matofali ili mchwa waonekane mapema. Usivibane vitabu, kidole kiweze kuingia baina yao, hewa ipite. Siku za jua, si za mvua, fungua milango yote ya kabati kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane, kisha uifunge. Usivianike juani, jua linaikausha karatasi ikawa manjano na kuvunjika. Wazee wetu wanaweka karafuu kabatini; harufu yake naipenda nami naziweka, lakini haziondoi unyevu, na kuvu hakikimbii karafuu. Kitabu kilichokwisha kuota kuvu kitoe, kikaushe kivulini penye upepo, halafu kipanguse nje kwa brashi laini, ukiwa umejifunga kitambaa puani.

Kama lazima upunguze, anza na vinavyochapwa hadi leo na visivyo na mwandiko wa mtu. Vyenye jina la baba, tarehe aliyonunua, na alama zake za penseli, hivyo usivitoe. Hakuna mashine inayobeba alama ile.

Na daftari la mashairi ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu huu. Babu yangu naye alijifunza kusoma chuoni kwa herufi za Kiarabu, na barua zake zote za Kiswahili aliziandika hivyo. Ukubwani ikambidi ajifunze za Kirumi. Alikuwa akisoma gazeti kwa kufuata mstari na ukuti wa ukili, mwezi wa kwanza akisema maneno hayaingii. Yaliingia, na za Kiarabu hakuziacha. Barua zile tulizipoteza kwa mvua ya masika moja tu, kwenye sanduku lililowekwa chini.

Usilitie daftari kwenye plastiki, litatoka jasho. Lifunge kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa bila ya wanga wala manukato, uliweke rafu ya juu, limelala. Asubuhi moja yenye mwanga mzuri, mwite mjukuu mwenye simu nzuri, mkae karibu na dirisha, jua lisiligonge moja kwa moja. Piga picha kila ukurasa, pamoja na majalada na kurasa tupu, kwa mpangilio, bila ya kulifungua kwa nguvu. Picha mtumie mwanao Maskati, na nakala nyengine ihifadhiwe hapo nyumbani. Kisha, kama unazisoma herufi hizo, zisome beti kwa sauti na mjukuu aziandike kwa herufi za Kirumi, maana wanaoweza kuusoma mwandiko wa baba yako wanapungua kila mwaka. Mkimaliza kuandika, mwanao anaweza kuyageuza maandishi hayo kuwa EPUB na kukutumia. Utayasoma usiku kwa herufi kubwa, na daftari lenyewe likae linapokaa. Ukija Unguja, njoo nalo tukalioneshe Nyaraka za Taifa, Kilimani. Wanazo hati za namna hiyo, na wanajua kuzishika.